Nyuso Nne za Kabati la Faili

Voi, jioni

Mghoi,

Salamu za mdomo tunapeana kila asubuhi, kwa hivyo karatasi hii naianza bila hizo. Umekwenda kwa Mutua kuaga, na ninavyomjua mke wake hatakuachilia mpaka ule. Nina muda. Nimekaa kwenye meza ya chakula na nimelipa kabati mgongo, jambo ambalo unajua silifanyi.

Habari ya blanketi na sabuni sitakuambia. Sanduku lako umelipanga mara tatu, na kila mara limefungika vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mimi. Nyanya yako ameshatuma neno kutoka Wusi kuhusu baridi ya upande wa Moshi, na mwalimu wako amekueleza utakavyojibu wakubwa wa hospitali wakikuuliza kwa nini unataka uuguzi. Mimi nimebaki na jambo moja tu, nalo nimelikalia miaka sita. Gari la Taveta likikuchukua kesho kabla sijalitoa, utakwenda nalo bila kujua kwamba unalibeba. Kulisema nimejaribu. Jana tulipokuwa tunamenya viazi nilifungua mdomo, ukaniuliza, "Baba, ni nini?" nikakuomba chumvi. Viazi vilikuwa bado vibichi. Ukaniletea chumvi.

Nianze na kabati, maana wewe unalikumbuka kwa upande wako na mimi kwa wangu.

Unakumbuka lilivyofika. Ofisi ya shamba la mkonge ilipata makabati mapya, yale ya zamani yakatolewa nje nyuma ya stoo. Mawili yalichukuliwa na fundi wa matrekta akawekea spana zake. La tatu nikaliomba mimi. Meneja alishangaa, kwa sababu tangu nianze kazi pale sikuwahi kuomba kitu. Likaletwa juu ya tela la mkonge, limelazwa chali juu ya majani kama mgonjwa, na wanaume wanne wakaliingiza ndani kwa kulizungusha pembe moja baada ya nyingine. Lilikuwa la bati, rangi ya kijivu ile ya ofisini ambayo mtu akiitazama siku nzima hawezi jioni kusema ameona rangi gani. Droo nne, kila moja na kishikio chake cha chuma, na juu ya kishikio kijifremu kidogo cha kuwekea karatasi ya jina. Ulilizunguka umeweka mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Ukasema, "Baba, hili limekaa kama askari jela. Tulipake rangi."

Mama yako alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya hapo. Tangu tumzike hukuwa umeniomba chochote zaidi ya penseli. Nikasema sawa.

Rangi nilizikusanya wiki nzima. Nyekundu ilikuwa ile ya kuzuia kutu kwenye matela. Nyeupe ilikuwa ya kupaka mawe ya njia ya kwenda kwa meneja. Kijani ilibaki kutoka kwenye milango ya stoo, ya manjano alinipa Mutua nami sikumwuliza ameitoa wapi, na kopo moja lilikuwa la rangi ya fedha, ile ya kupaka tangi la maji. Tukalitoa kabati uani, tukavua droo zote, tukasugua bati kwa msasa mpaka meno yakatetemeka. Mikono yetu ilikuwa ya kijivu siku tatu. Uliandika jina lako kwa kidole kwenye vumbi la mgongo wake, halafu ukaliandika la mama yako, halafu ukayafuta yote mawili kwa kiganja ukidhani sijaona.

Nyuso uliziona wewe. Mimi nilikuwa nafikiria mistari, au pengine maua. Ulichuchumaa mbele yake ukasema kishikio ni mdomo. "Na hiki kijifremu ni paji la uso, Baba. Yamebaki macho tu." Ukishasema hivyo, sikuweza tena kuona kabati. Niliona watu wanne waliopandana mabegani, wamefumba midomo, wanangoja kupewa macho.

Wa juu ulimfanya meneja, uso mwekundu na masharubu ya manjano yanayopita mpaka ubavuni. Wa pili ulinifanya mimi, miwani ya rangi ya fedha na macho yaliyofungwa nusu, na kwenye karatasi ya jina ukaandika KARANI ANASINZIA. Nilicheka mpaka Mutua akachungulia juu ya ua. Akauliza, "Karani, hao wageni wako wanne wamekula?" Ukamjibu kwamba wawili bado ni vipofu, waanze vipi kula. Mutua alikaa nasi mchana kutwa akitoa ushauri ambao hakuna aliyeufuata. Mchana ule nimeutunza. Hata harufu ya tapentaini bado ninayo.

Sasa nije kwa wa tatu.

Tulipoivua droo ya chini tulikuta kadi imekwama nyuma kabisa, chini ya vyuma inapotelezea. Ilikuwa kadi ya kibarua. Jina lilikuwa limeliwa na mende. Zilibaki namba na alama ya kidole gumba kwa wino mweusi. Uliishika karibu na pua ukaniuliza ni kidole cha nani. Nikasema sijui. Ukasema mistari yake ni kama maji yaliyotupiwa jiwe, na hapo hapo ukaamua kwamba yatakuwa macho ya yule wa tatu. Siku mbili ulipaka duara ndani ya duara kwa unyoya wa kuku, rangi ya fedha juu ya kijani. Ukamwita Bwana Kidole. Ni kazi nzuri, Mghoi, sijawahi kukuambia. Lakini mtu akiyatazama macho yale kwa muda, yanaanza kuzunguka, na akitazama pembeni anahisi yamesimama yamwangalie. Mke wa Mutua alikuja mara moja, akageuza kiti chake, na tangu siku hiyo hukaa kizingitini.

Nilijua ni kadi ya nani. Namba ile niliijua kwa moyo, na bado naijua.

Siku ya mama yako ulikuja ofisini saa kumi. Ulisimama mlangoni umelowa mvua, miguu mitupu, ukasema kwa sauti yako ile ndogo, "Baba, Mama anakuita." Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati hilo hilo, droo ya chini iko wazi mpaka mwisho. Meneja alikuwa anataka faili ya kibarua mmoja aliyepotea kambini, na mimi kwa miaka tisa sikuwa nimepoteza faili hata moja. Wenzangu walinitania kwamba naweza kumtafuta marehemu nikamleta pamoja na kadi yake. Nilipenda utani huo. Nikakuambia bila kugeuka, "Keti pale kwenye benchi, nimalize."

Ukaketi.

Nilipekua droo ile yote, nikaja ya tatu, nikapanda mpaka juu, nikaanza tena chini. Faili niliikuta, ila haikuwa na kadi ndani, na faili bila kadi si kitu. Nikaendelea. Benchi lilikuwa mgongoni mwangu hatua tatu hivi. Hukukohoa, hukujongea. Nilipoinuka dirisha lilikuwa limeanza kuingia giza. Nikageuka nikakuona umeweka mikono mapajani, gauni limeshakauka mwilini, na nilishtuka, mwanangu. Nilishtuka kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba upo.

Tulipofika nyumbani mke wa Mutua alikuwa amesimama mlangoni amejifunga kanga kiunoni. Mikono ya mama yako ilikuwa bado na joto. Baadaye, wewe umeshalala kwao, mke wa Mutua aliniambia kwamba tangu alasiri marehemu alikuwa na neno moja tu. Kila mlango ukisukumwa na upepo aliuliza, "Wamefika?"

Lakini kabla ya hayo, pale pale mlangoni, nilikuuliza kwa nini hukuniambia kwamba hali ni mbaya vile. Ukanijibu, "Mama alisema nisikutishe."

Hapo ndipo hasira iliponiingia. Nakuandikia ukweli ulivyo. Sikujikasirikia mimi kwanza. Hilo lilikuja baadaye sana. Nilikukasirikia wewe. Nilikukasirikia kwa kuketi ulipoambiwa keti. Nilijiambia mtoto mwingine angelia, angenivuta shati. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikuwa umetii watu wawili kwa wakati mmoja, mama yako na mimi, na mimi nikakuona una kosa.

Kwa hiyo kabati lilipotupwa nje nyuma ya stoo, mimi ndiye niliyeliomba. Watu walidhani nataka mahali pa kuweka vikombe. Mimi pia nilidhani hivyo. Sasa nafikiri sikutaka lilale nje lenyewe na jambo lile ndani yake. Na tulipolivua tukaikuta ile kadi imelala nyuma ya droo, mahali ambapo hata ningetafuta mpaka asubuhi nisingeiona, nikakuambia sijui ni ya nani, na nikakuacha umpe mtu yule macho.

Droo ya nne ilikaa wiki mbili bila rangi. Halafu Jumamosi moja nikarudi kutoka kazini nikakuta umeimaliza peke yako. Ile rangi ya uso wake uliipataje, Mghoi, kutoka kwenye makopo yale? Nilikaa naye miaka kumi na minne na nisingeweza kuichanganya. Ulimtia kitambaa chake chenye madoa meupe, na kile kipele kidogo kando ya pua ambacho alikuwa akikichukia. Macho hayakutazama mbele kama ya wengine. Yalitazama pembeni, upande wa mlango, kama macho ya mtu anayengoja. Kwenye kijifremu uliandika MAMA. Ulikuwa umejificha jikoni kusikia nitasema nini. Nikasema, "Vizuri." Nikatoka nje nikamwagilia mipapai ambayo ilikuwa imeshamwagiliwa.

Ilianza wiki ile ile. Siku za kazi sikuwapo, wewe ndiye uliyeniambia, kwa sauti ya mtu anayesema kuku ametaga: droo ya Mama hufunguka saa kumi. Nikasema ni gari la moshi linatikisa sakafu. Ukasema saa kumi hakuna gari. Jumapili nikakaa na saa yangu. Haikuruka wala kugonga. Ilitoka polepole, upana wa kiganja, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi, ikasimama. Ndani kulikuwa na kanga yake, iliyokunjwa vile ulivyoikunja.

Mimi ni mtu wa ofisi. Nililaza chupa sakafuni nione nyumba imeinamia wapi, na chupa ikabingirika kuelekea ukutani, maana yake droo ilipaswa kurudi ndani, si kutoka. Nikakunja kipande cha boksi nikakitia pembeni kuibana. Jumapili iliyofuata nilikikuta ndani ya droo, juu ya kanga, kimekunjuliwa na kunyooshwa. Nilikuuliza kama ni wewe. Ukasema siyo, na wewe husemi uongo. Katika nyumba hii anayesema uongo ni mimi.

Wewe hukuogopa hata siku moja. Ulikuwa unatoka shule, unaweka vitabu, unaisukuma kwa goti na kusema, "Tumefika, Mama." Ulisema hivyo kila siku. Mghoi, neno alilouliza mama yako sikuwahi kukuambia. Nilimwuliza mke wa Mutua kama yeye alikuambia, akaapa hakusema, akashika kifua. Sijui ulilitoa wapi. Sitaki unieleze.

Mvua zilizofuata ukaugua. Miguu ilivimba, homa ikawa inaondoka asubuhi na kurudi jioni, na ukaacha kula hata ndizi. Dispensari walikupa vidonge vyeupe, halafu vya manjano. Wiki ya tatu nilimwita mama yangu, akashuka kutoka Wusi na basi, na mkungu wa ndizi na kibuyu cha maji ya miwa.

Wewe ulikuwa kitandani, hukuona alivyoingia. Alisimama kizingitini, mkungu bado uko kichwani. Alikuwa analitazama kabati. Nikamwambia ni mchezo wa mtoto, tumelipaka rangi tu. Alishusha mkungu, akavua kandambili, akasogea.

Kule kwetu juu, zamani, kabla hatujabatizwa, mzee akifa alizikwa, na baada ya muda kichwa chake kilifukuliwa kikapelekwa kwenye pango la ukoo kukaa safu moja na vile vya baba zake. Mimi pango letu nililiona mara moja, nikiwa mdogo, nafuata mbuzi. Nilikimbia mbuzi akabaki. Siku hizi hakuna anayefanya hivyo, lakini mama yangu, ambaye hakosi kanisani, akipita njia ya chini ya jiwe lile hushusha sauti mpaka leo. Sasa alisimama mbele ya kabati la ofisi, akaziamkia zile nyuso kwa Kidawida, moja moja, kuanzia juu. Hata yule meneja alimwamkia. Alipofika kwenye uso wa pili aliigusa ile miwani, akageuka akanitazama.

"Huyu ni wewe, Mwadime. Mtu aliye hai anaweka kichwa chake humu kwa nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mbele ya macho ya Bwana Kidole alipita haraka. Mbele ya mama yako alichuchumaa, na goti lile lake bovu, akakaa muda mrefu.

Kisha akaja kitandani kwako akakushika miguu na kuuliza lile swali ambalo wazee wetu huuliza mtoto akiugua bila sababu: "Nani ana hasira na mtoto huyu?"

Kutasa unakujua, umekuona Wusi. Aliye na hasira moyoni huisema wazi mbele ya watu, hunywa funda, huitema ile hasira pamoja na kinywaji, na kumtakia mtu heri. Asiyesema kwanza anatema maji tu. Mama yangu alianza mwenyewe. Akasema alikukasirikia wewe wakati mama yako alipofariki, kwa sababu ulikataa kwenda kukaa kwake, na ulisema mbele ya wageni kwamba moshi wa jiko lake unakuuma macho. "Jiko langu limelea watu saba," akasema, "na hakuna aliyepofuka. Nilikasirika. Naitoa." Akatema. Ulicheka na homa yako, na matone yakakuangukia usoni ukayalamba. Alifuata Mutua, ingawa yeye si wa kwetu. Akasema hana hasira na mtoto ila na baba yake aliyekosa kumrudishia brashi. Akatema kama mtu anayesukutua.

Nikapewa kibuyu mimi.

Ulinitazama, Mghoi. Ulikuwa umeegemea mto, shingo imekuwa nyembamba, na ulinitazama kwa subira ile ile ya benchi. Nilijua nini cha kusema. Maneno yalikuwa mafupi. Lakini ningemwambiaje mtoto mgonjwa, mbele ya mama yangu na jirani, kwamba namkasirikia kwa kunitii? Nikasema, "Mimi sina hasira na mtoto wangu. Apone, awe mzima." Nikanywa, nikatema.

Ilikuwa mchana, jua liko utosini. Droo ya chini ikafunguka. Haikutoka upana wa kiganja. Ilitoka yote, mpaka ilipogonga mwisho wa vyuma vyake.

Mutua aliaga akaondoka bila brashi. Mama yangu hakunitazama. Alikwenda akaisukuma taratibu kwa viganja viwili, na wakati anaisukuma akasema, "Nimesikia, mkaza mwanangu." Mimi hakuniambia neno juu ya jambo lile siku ile, wala alipopanda basi kurudi, wala tangu hapo.

Ulipona. Daktari wa misheni alisema ni homa ya viungo, na huenda alisema kweli. Mimi si mtu wa kubishana na daktari, na wewe hivi karibuni utajua mambo hayo kunishinda. Lakini mguu wa kushoto haukurudi sawasawa. Ukichoka unauburuta kidogo, na ukijua natazama unaunyoosha. Miaka minne nimekuwa nikisikia hatua zako kutoka jikoni, moja nzima na moja ya kuburuta, na kila mara nasema moyoni ni ile niliyoimeza. Sasa unakwenda mahali ambapo kazi yenyewe ni kusimama kutwa.

Nimejiuliza kwa nini niliweza kuficha muda wote huu. Nafikiri ni kwa sababu nilijua hasira yangu haina haki. Nilidhani hasira isiyo na haki haihesabiki, kwamba mtu akiiacha bila kuitaja itajifia. Ningekuwa nimekukasirikia kwa kuvunja sahani ningesema siku ile ile na tungesahau. Hii ilikuwa kama barua iliyofika ofisini bila namba: huwezi kuiweka kwenye faili, huwezi kuitupa, kwa hivyo unaisukuma chini ya nyingine na kuendelea na kazi. Wengi wanaokaa kimya mbele ya watu wao si kwamba wana siri kubwa. Wana jambo dogo la aibu, na linakua kwa sababu halijatajwa. Mimi nimelijua hilo nikiwa na mvi.

Na lingine nililolijua kwa gharama yako ni hili. Huko wodini watakuja watu wa kusema kwa sauti ndogo. Atasimama mtoto mlangoni, au mama mzee, aseme tu kwamba fulani anakuita, kwa sababu ameambiwa asikutishe. Wewe utawatambua upesi kuliko wauguzi wote, maana ulikuwa mmoja wao. Sina la kukufundisha hapo.

Leo saa kumi haikufunguka. Nilikaa na saa mkononi. Ilifika kumi na nusu, ikafika kumi na moja, jua likafika kwenye macho ya Bwana Kidole likayawasha kama kawaida, na droo ya chini ikakaa imefungwa. Nilikwenda nikaivuta mwenyewe. Miaka yote hii sikuwahi kuivuta. Ilikataa kidogo, kama kitu kilichoshikwa kwa ndani na mtu asiye na nguvu nyingi, halafu ikaja. Kanga haimo. Nadhani umeitia sandukuni, na ni haki yako. Kama hukuitia, usiniambie kesho, niandikie ukishafika.

Nikaketi nikachukua kalamu.

Mghoi, nilikukasirikia siku mama yako alipofariki. Nilikukasirikia kwa kuketi kwenye benchi, kwa kunyamaza, na kwa kumpaka uso wake akitazama mlango. Nilikukasirikia miaka sita nikila chakula ulichopika. Hukuwa na kosa. Ulikuja, ukasema ulichotumwa kusema, na mimi ndiye sikugeuka. Siku ya kibuyu nilidanganya mbele yako na mbele ya mama yako.

Nimeyaandika, lakini kuandika hakutoshi. Haya hutoka kwa mdomo. Nyanya yako hawezi tena kushuka na goti lake, ila juzi alituma miwa mitatu na kondakta wa basi, na neno moja: "Baba yake anajua la kufanya." Nitaikamua alfajiri, kisha nirudi kitandani. Barua hii naiweka juu ya sanduku lako ili uisome kabla ya mimi kuamka, au kabla ya kujifanya nimeamka. Kikombe kitakuwa juu ya kigoda karibu na mlango.

Ukikipita, sitakuuliza. Nitabeba sanduku mpaka stesheni na tutazungumza habari ya Mutua na brashi yake. Ukikichukua ukanipa, nitasema yote haya kwa sauti mbele yako, nianze na benchi, halafu niteme, halafu nikutakie heri ya miguu yote miwili. Mimi nisingependa unipe kwa huruma. Nipe ukiwa umekubali, au usinipe.

Na kama wewe pia unayo yako juu yangu, na sioni vipi utaikosa, anza wewe. Nimechagua kile kikombe kikubwa cha bati. Maji ya miwa yatatosha watu wawili.

Baba yako,
Mwadime